Kosa Nililolitwika Jua

Mvua kubwa ya alasiri huua vidukari kuliko dawa yoyote iliyowahi kuuzwa katika maduka ya Butembo. Huwapiga, huwaangusha kwenye matope, nao wakishaanguka hawapandi tena. Wadudu wenyewe ni laini, weusi, wadogo kuliko punje ya ulezi, na miguu yao haina nguvu. Mvua zikifuatana, shamba la karanga linapumua. Jua likifuatana, kila ncha changa ya mkaranga inavaa wadudu kama iliyopakwa masizi, na sisimizi wanapanda na kushuka kulamba utamu unaowatoka. Hayo nayajua vizuri. Nimeyafundisha kwa watu na wamenisifu kwa kuyajua. Ila siku nilipotakiwa kuyajua sikuyajua, na ujuzi uliokuja baadaye ulinifaa kwa kujilaumu tu.

Nilizaliwa Butembo, kwenye baridi na ukungu, na karanga kwetu zilikuwa kitu cha kununua sokoni. Nilisoma shule ya kilimo mpaka nikapata diploma, kisha nikaolewa upande wa Beni, ambako nchi inateremka na joto linaanza. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa nguo. Alikwenda Kisangani kutafuta bidhaa, vita vya pili vya nchi yetu vikakata njia nyuma yake, na hakurudi yeye wala habari yake. Nikabaki na mimba, na mama yake.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye sauti ya kukwaruza ambayo hata akisali ilionekana anagombana na mtu. Alikuwa na karanga zake. Nasema zake kwa sababu hazikuwa za sokoni: ndogo, nyekundu, mbili mbili ndani ya ganda, zenye mafuta mengi hata ukiisugua punje moja kati ya vidole inaacha alama. Alizisaga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea juu, na hayo ndiyo tuliyotilia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wakavu wa Kyavinyonge. Mbegu hiyo haikutoka kwa mama kwenda kwa binti yake, maana binti huolewa kwingine akaenda. Ilitoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mtoto wake. Yeye aliipokea hivyo, na aliyempa aliipokea hivyo hivyo.

“Siku nitakupatia hii mbegu,” aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa, “utajua umefika kwetu. Kwa sasa uko mugeni mwenye kusoma.”

Alipenda kunichokoza kwa kusoma kwangu, nami nilipenda kumcheka kwa kulima kwake. Alipanda kama mtu anayemwagia kuku mahindi. Karanga zilisongamana, katikati yake maharagwe, hapa na pale bua moja la mahindi, na ukiingia hukujua pa kuweka mguu. Shuleni tulipanda kwa kamba. Tulipima sentimita arobaini mstari hadi mstari, ishirini mche hadi mche, na mwalimu alisimama mwisho wa shamba akifumba jicho moja kuona kama mistari imenyooka. Nilipoliona shamba la mama mkwe nilisema moyoni kwamba siku moja nitamwonyesha.

Siku askari walipoingia kijijini kwetu tulikimbia na watu wengine wote. Mtoto wangu alikuwa wa kike, alikuwa na miezi miwili. Mimi nilimbeba yeye na mfuko wenye vitenge viwili, diploma yangu na daftari moja la shule. Mama mkwe alibeba bidoni, dumu la njano la plastiki lililokatwa mdomo, limejaa karanga ndani ya maganda yake, amelifunga mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni. Hakubeba sufuria wala jembe. Nilimuuliza tutapikia nini, akasema sufuria mtu anaazimwa.

Kwenye kizuizi kabla ya Butembo askari mmoja aligonga bidoni kwa kitako cha bunduki. “Mama, pesa biso nguba,” alisema kwa Lingala, yaani tupe karanga.

Mama mkwe akamjibu kwa Kiswahili. “Hii iko mbegu. Tulitia dawa ya bidudu. Ukikula utakufa.”

Askari alinigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa na viatu. “Ni kweli?”

“Ni kweli,” nikasema. “Nilisoma kilimo. Ni sumu.”

Alituacha tupite. Tulipofika mbali mama mkwe alicheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akasema masomo yangu hatimaye yamefaa kitu. Nami nilicheka. Yalikuwa ndiyo maelewano yetu ya mwisho kwa muda mrefu.

Tulikwenda Musienene, ambako yeye alizaliwa. Ndugu zake walitupokea vizuri, lakini walikuwa wamekwisha kupokea wengine, na chakula cha nyumba moja kililiwa na nyumba nne. Tulipata viazi kidogo na mchuzi wa maharagwe mwepesi. Mvua ilinyesha kila siku, baridi ikaingia mpaka ndani ya blanketi. Maziwa yangu yalianza kupungua. Mtoto alivuta titi, akaachia, akalia, akavuta tena. Na kule ndani, juu ya moto, lilining’inia bidoni lile limejaa.

Niliomba konzi moja. Nilimwambia nataka kuichemsha tu, ninywe na maji yake, maziwa yarudi.

“Hapana,” alisema. “Hii tukikula, tutarudi na nini?”

Niliomba tena baada ya siku tatu. Alinijibu vilevile, ila safari hii hakunitazama. Mara ya tatu niliomba mbele ya ndugu zake, nikijua ninamwaibisha. Aliinuka, akalishusha bidoni, akalikalia kama kiti.

“Mama, sikia. Vita itaisha. Tutarudi kwetu. Mutu mwenye hana mbegu yake iko mufanyakazi wa bengine mpaka kufa. Mi nafanya hivi juu yako na juu ya huyu mutoto.”

Mtoto alishikwa na kikohozi, kisha homa. Tulimpeleka kituo cha afya, tukakuta muuguzi na meza, na kabati la dawa wazi halina kitu. Alikufa Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Sitasema kwamba karanga zingemwokoa. Kuna miaka nilisema hivyo kwa yakini, na kuna miaka nilisema hapana, kikohozi hakijali chakula. Siku hizi nikifika hapo nanyamaza. Najua tu kwamba aliondoka na njaa, na kwamba chakula kilikuwa ndani ya nyumba.

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemwosha. Tangu siku hiyo alinipa kipande kikubwa cha kila kitu, akaanza kuniita mama yangu, na nikitaka jambo dogo alikwisha kulifanya. Watu wa kwao walimsifu kwa kunipenda. Mimi nilimchukia. Nilikula kile kipande kikubwa na kumchukia.

Tulirudi mwishoni mwa mwezi wa nne. Nyumba ilikuwa haina mlango wala bati la upande mmoja. Shamba lilikuwa pori. Kule chini mvua za mwaka zilikuwa zimeanza zamani, na waliokimbilia karibu walikwisha kupanda, karanga zao zilikuwa zinatoa maua. Sisi tulikuwa tunaanza kufyeka. Yeyote anayelima kwetu anajua kwamba karanga iliyochelewa ni karanga ya kubahatisha, maana inakutana na jua la kati ya mvua mbili ikiwa bado mtoto. Mama mkwe alilijua hilo bila daftari.

Kwa hiyo alitaka kulima kona moja tu. Kona ile ya chini, yenye unyevu, apande kwa kusonga kama alivyozoea, achanganye na maharagwe aliyopewa na ndugu zake, mbegu ipone mwaka huu, mwakani tupanue. Yalikuwa maneno mafupi ya mtu anayejua kazi yake.

Mimi nilikataa. Nilifungua daftari langu nikamwonyesha. Ukurasa wa nafasi za kupanda nilikuwa nimeuandika kwa wino wa rangi mbili na kupiga mistari kwa rula. Nilimwambia mbegu ni chache, ukizisonga zinanyimana chakula, ukizipa nafasi kila mche unazaa mara mbili. Nilimwambia kwa mbegu hizi hizi tunaweza kupanda shamba zima. Nilimwambia tusichanganye na kitu.

Leo nikijisikia nikisema hayo naona haya, maana haikuwa elimu iliyokuwa inasema. Nilitaka shamba zima lijae. Nilitaka karanga zitoke nyingi, magunia na magunia, mpaka siku moja nisimame mbele yake niweze kujiambia: sawa, mtoto wangu alinyimwa kwa ajili ya hizi. Konzi tano za kona ya chini zisingeweza kulipia kitu kama hicho. Kwa hiyo zilipaswa kuwa nyingi.

Mama mkwe aliangalia daftari muda mrefu, ingawa hakujua kusoma. Mwaka mmoja nyuma angenifukuza na daftari langu. Lakini tulikuwa na kaburi Musienene, na tangu kaburi lile hakuweza kuniambia hapana.

“Fanya vile ulisoma,” alisema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nimeona kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la huyo mkuu.

Mbegu ya karanga haitolewi kwenye ganda kabla ya siku yenyewe ya kupanda. Na kwao kulikuwa na desturi: anayebangua mbegu anajaza maji mdomoni na kukaa nayo mpaka kazi iishe, asije akala hata moja. Tulikaa wanawake watatu uani, mashavu yametuna. Wa tatu alikuwa jirani yetu mjane, mwanamke mnene, mvivu wa palizi, mwema sana. Alishindwa kuvumilia kuniona nimevimba hivyo, akacheka, maji yakamtoka puani yakamwagikia karanga. Mama mkwe alimpiga kofi la begani, naye akiwa na maji yake mdomoni, akinguruma. Ilikuwa asubuhi nzuri. Sipendi kuikumbuka.

Nilifunga mafundo kwenye kamba, nikapima. Tulipanda siku nne. Mvua ilinyesha siku ya tano na miche ikatoka yote, mistari imenyooka hata mwalimu wangu angefumba jicho na kuridhika. Tulipalilia mara mbili. Kati ya mche na mche udongo ulikuwa mtupu, mwekundu, safi kama uwanja uliofagiwa. Watu waliokwenda mtoni walisimama njiani kutazama. “Hii shamba iko propre,” walisema, yaani safi kwa Kifaransa, na kwetu hakuna sifa ya mwanamke inayopita hiyo. Jirani mjane yeye alipanda karanga nyeupe za sokoni katikati ya maharagwe yake na magugu yake, kwa jembe moja na maombi. Tukamcheka.

Kisha mvua ikakatika. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa sita, mapema mno. Mawingu yalikuja kila alasiri kutoka upande wa Ruwenzori, yakasimama, yakapita. Upepo ukawa wa moto. Siku moja niliona mdudu mmoja mwenye mabawa juu ya jani, nikamsaga kwa kidole. Siku ya tatu nilikuta makundi. Kidukari hahitaji dume wala yai wakati wa joto. Mama anazaa watoto walio hai, na watoto hao wenyewe hawakawii kuwa mama. Mvua ndiyo inayokata hesabu hiyo, na mvua haikuwepo. Baada ya wiki mbili ncha zote zilikuwa nyeusi na zinanata, sisimizi wamejipanga.

Tulitia majivu. Asubuhi mapema, umande ukiwa bado kwenye majani, tulipita na vikapu vya majivu ya jikoni tukayapepeta juu ya mistari. Ilisaidia siku moja. Tulichemsha vipande vya sabuni ya mawese katika maji, tukanyunyiza kwa fagio la majani, mche kwa mche. Sabuni ikaisha. Mwisho mama mkwe aliamua kwamba kama mvua haiji, sisi ndio tutakuwa mvua. Tuliteka maji mtoni, tukapanda kilima, tukayarusha kwa nguvu juu ya karanga ili wadudu waanguke. Yeye kwa umri ule. Bidoni baada ya bidoni, jua la saa saba kichwani. Tulipofika mstari wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umekwisha kupandwa tena na wadudu. Tulifanya hivyo siku tisa. Siku ya tisa alikaa chini kati ya mistari, kifua kinampanda, akaniuliza kwa upole:

“Mama yangu, daftari inasema nini juu ya hivi bidudu?”

Nilifungua daftari mbele yake, ingawa nilijua. Somo la wadudu na magonjwa ya karanga mwalimu alilifundisha wiki ya mwisho, na wakubwa zetu walikuwa wametuambia mtihani hauulizi mambo hayo. Nilikuwa nimeandika kichwa cha habari, nikakipigia mstari kwa rula, na chini yake maneno matatu kwa Kifaransa ya kujikumbusha kwamba nitanakili kwa mwenzangu. Sikunakili.

“Inasema tusubiri mvua,” nikamwambia.

Majani ya katikati yalianza kubadilika. Yalitoka madogo, ya manjano yenye madoa, yamebanana pamoja, na mche ukaacha kurefuka. Hapo niliikumbuka sauti ya mwalimu ingawa sikuwa na maandishi yake: kidukari hanyonyi tu, anatia ugonjwa kwenye utomvu, na ugonjwa ukishaingia hautoki. Mche unakaa vilevile, mfupi, mpaka unakufa. Nilihesabu mistari mitatu nikaacha kuhesabu.

Jioni hiyo nilivuka mfereji nikaenda kwa jirani mjane. Sikujua natafuta nini. Nilipangua maharagwe yake na magugu yake kwa mikono, nikazikuta karanga. Zilikuwa za kijani. Wadudu walikuwepo, mmoja hapa, wachache pale, na miche iliyodumaa ilikuwepo pia, lakini unaitafuta ndipo unaiona. Jua lilikuwa lile lile. Alipanda wiki ile ile tuliyopanda sisi. Nilisimama kwenye fujo yake nikageuka nikalitazama letu: mistari, na kati ya mistari udongo mtupu, na kila mche umesimama peke yake juu ya wekundu ule, unaonekana kutoka mbali. Hata mimi niliuona kutoka mbali. Mdudu anayeruka na upepo akitafuta pa kushuka angekosaje kuuona?

Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja alitufundisha hivyo hivyo katika semina, kwa picha: panda mapema, panda kwa kusonga, changanya na maharagwe, funika udongo, kidukari asione mche. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Lakini jioni ile kwa jirani nilikwisha kujua. Nilirudi nyumbani, mama mkwe akaniuliza kule kwa mjane kukoje.

“Kama kwetu,” nikasema.

Alikwenda misa kila asubuhi kuombea mvua. Ikaja, mwishoni mwa mwezi wa saba. Ilikuja na ngurumo na mvua ya mawe kidogo, ikapiga toka saa nane mpaka giza, maji yakashuka kilima yakiwa mekundu. Mama mkwe alisimama nje chini ya michirizi ya upenu wa bati akalowa mwili mzima, akicheka. Kesho yake asubuhi alinishika mkono akanivuta shambani. Hakukuwa na kidukari hata mmoja. Majani yalikuwa safi, yanang’aa, na sisimizi wameondoka. Alikuwa anageuza jani baada ya jani, ananionyesha, anasema, “Ona. Ona, mama yangu. Biliisha.” Na mimi nilikuwa naangalia miche yenyewe, imechuchumaa, ya manjano, safi. Mvua ilikuwa imemuua mwizi baada ya nyumba kwisha kubebwa.

“Itapona?” akauliza.

“Tungoje,” nikasema.

Tulingoja mpaka mwezi wa tisa. Tulipong’oa, miche mingi ilikuwa na mizizi tu. Mingine ilikuwa na ganda moja, jepesi, ukilitikisa halitoi sauti. Shamba zima, mistari yote ile, lilitoa maganda yasiyojaza bakuli, na tulipoyabangua tulikuta punje zilizokunjamana, nyingi zikiwa nusu. Nilizikagua moja moja nikitafuta ya kupanda. Hakukuwa na yenye uhai. Mbegu ile iliyopita kwenye mikono ya wanawake wengi kiasi hicho iliishia kwenye bakuli la plastiki, mapajani mwangu.

Mama mkwe alinitazama nikikagua mpaka nikamaliza. Kisha alichukua bakuli, akaingia jikoni, akaweka kikaango motoni. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Nilisikia karanga zinapasuka, nikasikia harufu yake, na tumbo langu likanguruma, jambo ambalo sijawahi kulisamehe. Alitoka akanipa bakuli lote. Yeye hakuchukua hata punje moja.

“Kula,” alisema. “Ile siku kule Musienene ungekula.”

Aliketi kwenye kigogo mkabala nami, mikono juu ya magoti. Aliendelea polepole, kama anayesoma ungamo alilokwisha kulifanyia mazoezi.

“Mi nilinyima mutoto wa mutoto wangu chakula. Mungu aliona. Njo maana alituma jua. Hapana bidudu, hapana kuchelewa. Jua ile ilikuwa yangu. Nilimuambia Padri, akasema hapana, lakini mi najua. Karanga yetu ilikufa juu yangu.”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jepesi, hata mtoto angeweza kulisema: si jua, mama, ni kamba yangu. Ungepanda kona yako kwa namna yako, mbegu ingekuwepo. Ningemwambia avuke mfereji akaangalie mwenyewe, mabua ya mjane yalikuwa bado yamelundikwa uani kwake. Jua lilikuwa na hatia yake, sikatai, na vita vilivyotuchelewesha vilikuwa na hatia kubwa kuliko jua. Lakini mimi nilikuwa na yangu, na mama mkwe hakuwa nayo.

Nilitia karanga mdomoni. Zilikuwa chungu kidogo kwa kuungua, na tamu. Nilitafuna nikimtazama. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka awe na kosa. Tangu Musienene nilikuwa nimetafuta kitu cha kumtwika ambacho kingekuwa kizito kiasi cha mtoto, na hapo alikuwa amejitwika mwenyewe, mimi sikulazimika hata kunyanyua mkono. Nilikula mpaka bakuli likaisha, naye akalichukua akaenda kuliosha.

Aliishi miaka mingine kumi na moja. Tulinunua karanga sokoni kama watu wengine, za hapa na pale, zisizo na mafuta. Kila jua lilipokaa sana kabla ya mvua, aliacha kula mchana, akafunga bila kuniambia anafunga kwa ajili ya nini, nami nilijua. Alipolala kitandani mara ya mwisho aliniomba msamaha tena juu ya mtoto na juu ya mbegu, yote kwa pamoja. Nilimwambia nimemsamehe. Nilimshika mkono, nikampa maji kwa kijiko, na bado sikumwambia.